Nyuma ya Miksa katika Ukumbi wa Chisangalalo

Riziki, nawe Amuri, na wenzenu wote mnaobeba spika za kanisa kila Jumapili: mmeniomba mara nyingi niwaandikie jinsi kazi ya sauti inavyofanywa, nami nimekuwa nikikataa, kwa kuwa sijawahi kumwona mtu aliyejifunza kusikiliza kwa kusoma. Lakini tangu niache kazi, mvua za mwaka huu zilipoanza, nashinda nyumbani, na mke wangu Nsimire amechoka kuniona nikifungua redio ambayo haijaharibika.

"Papa, andika," aliniambia juzi. "Karatasi haina skrubu za kupoteza."

Basi naandika. Sitawaeleza nililipwa nini. Na cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: yule mtu ambaye ukumbi mzima humgeukia kumkodolea macho mikro, yaani maikrofoni, ikipiga mluzi, na ambaye hakuna anayemkumbuka kila kitu kikienda sawa.

Mimi ni mtoto wa Kadutu, Bukavu. Ufundi niliupata katika duka la mjomba wangu, aliyekuwa akitengeneza redio, pasi na chochote chenye waya. Baadaye parokia ikanipa kazi ya kutunza mikro zake. Kwetu, wazee waliposema jazz walimaanisha orkestra: magitaa matatu, tarumbeta, wanaume wenye suti na viatu vinavyong'aa, na wimbo mmoja unaochezwa mpaka soli zilegee. Nilipokimbia vita nikafika Malawi, neno hilo lilikuwa miongoni mwa machache niliyodhani nayajua.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na Nsimire, mtoto wetu wa kwanza akiwa mgongoni kwake. Sina la kuwaeleza juu ya siku zile ambalo ninyi hamlijui. Hatukuwa tumekaa sana, kukawa na sherehe uwanjani, na bendi moja ikaletwa kutoka Lilongwe kuja kutuburudisha. Katikati ya wimbo wa pili amplifaya ikafa. Wanamuziki waliendelea kutikisa vichwa kwa muda, kama kuku asiyejua kuwa ameshachinjwa, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja mwembamba, aliyevaa koti zito katika jua lile, akapiga goti nyuma ya mashine akaanza kufungua skrubu. Hakuwa na haraka yoyote. Watu walizomea, naye akazipanga skrubu zake juu ya leso, moja moja, kwa mpangilio uleule aliozitolea.

Nilisogea. Waya mmoja ulikuwa umeachia pale ulipochomelewa, na chuma chake cha kuchomelea kilitaka umeme ambao haukuwepo, kwani jenereta nayo ilikuwa imezimika. Pembeni palikuwa na mama akikaanga mandazi. Nikamwomba nafasi kwenye mbabula wake, jiko la makaa, nikapasha moto bisibisi mpaka ikawa nyekundu, nikarudi mbio na kuyeyusha risasi ya zamani ya kuchomelea, ikaushika waya upya. Jenereta ikawashwa. Gitaa likalia.

"Umejifunza wapi kuchomelea kwa moto wa mandazi?" mzee aliniuliza kwa Kiingereza.

"Leo," nikamjibu.

Akacheka mpaka akakohoa. Jina lake lilikuwa Kachale, Bambo Kachale, yaani Bwana Kachale, na alikuwa fundi wa sauti wa Ukumbi wa Chisangalalo katika mji wa zamani wa Lilongwe. Kabla hawajapanda gari alinielekeza njia: shuka sokoni, uliza palipo na ukumbi wenye mlango wa manjano, hata mtoto atakuonyesha. Sheria wakati ule, kama sasa, ilitutaka wakimbizi tukae kambini. Hata hivyo mjini watu wetu walikuwa wengi, wakishona, wakiuza nguo na sabuni, nasi tukahamia mtaa wa Chinsapo kama wengine na kupangisha chumba kimoja kilichotazamana na kinu cha kusagia mahindi. Nsimire alifungua cherehani mlangoni. Nami nikaenda kutafuta mlango wa manjano.

Siku yangu ya kwanza Bambo Kachale hakuniruhusu kugusa chochote, sembuse miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Ukumbi ulikuwa jengo refu la matofali, paa la bati, jukwaa la mbao za mlombwa zilizosuguliwa na viatu vya miaka mingi mpaka zikawa na mabonde. Ukutani zilitundikwa picha za bendi, nyingine zimeliwa na mchwa kuanzia miguuni, hivyo wanamuziki wakaonekana kama wanaoelea. Alinituma nizunguke ukumbi nikipiga makofi kila nilipofika.

"Unasikia nini hapo?"

"Makofi."

"Songa. Hapo je?"

"Makofi, Bambo."

"Rudi ulikotoka, anza tena."

Nilizunguka mpaka viganja vikawaka moto. Ilikuwa alasiri niliposikia, kwenye pembe ya kushoto nyuma, kofi langu likirudi mara mbili, la pili likiwa na uchungu ndani yake. Nilisimama. Kachale alinipa kikombe cha chai. Pembe ile, alinieleza baadaye, ilikuwa imewaharibia jina waimbaji wazuri, kwa kuwa waliokaa pale walirudi nyumbani wakisema fulani siku hizi anaimba vibaya. Tangu hapo sijawahi kuwasha mashine katika nyumba ambayo sijaizungukia kwa miguu. Ninyi mnanicheka nikifanya hivyo kanisani. Endeleeni kucheka, lakini mzunguke.

Jumapili ya wiki hiyo ndipo niliposikia jazz yao. Ukumbi ulikuwa na desturi ya kupiga muziki Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani na kula. Nikakaa tayari kwa magitaa na suti. Wakapanda wanaume wanne. Mmoja alishika banjo iliyoundwa kwa kopo la mafuta ya kupikia. Mwingine alikalia pipa lililowambwa ngozi ya ng'ombe, lenye mti mrefu na uzi mmoja tu wa waya, akawa anatelezesha chupa juu ya uzi ule kwa mkono mmoja na kuupiga kwa mwingine. Hiyo ndiyo babatoni, besi yao.

"Hii ndiyo jazz?" nikamnong'oneza Kachale.

"Baba zetu walikwenda kwenye migodi ya kusini," alisema. "Kule wakasikia santuri za jazz. Waliporudi walikuwa na nyimbo kichwani, lakini saksofoni hawakuwa nayo. Wakatazama walichokuwa nacho: makopo, ngozi, waya za baiskeli. Wakajiita jazz band. Baadaye vijana waliotoka kwenye bendi za jeshi na polisi wakaja na tarumbeta na saksofoni zao, wakapanda jukwaa hilihili. Kwenu mliita jazz magitaa, sisi tukaita makopo. Huko jina lilikotoka sijui kama wangetukubali. Weka mikro."

Kuweka mikro kwenye babatoni ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza ngumu. Nikiiweka mbele ya ngozi, inachukua kishindo cha kiganja na kuuacha muziki. Nikiiweka karibu na uzi, inachukua mkwaruzo wa chupa. Nikiongeza sauti, ukumbi mzima unavuma kama nyuki. Nilihangaika Jumapili kadhaa. Mwishowe niliiviringisha mikro ndani ya sweta kuukuu la mwanangu, nikaisukumiza kwenye tundu la chini ya pipa, na kuacha ngozi ifanye kazi yake. Besi ikaja nene, ya duara, ikawafikia mpaka waliosimama ukutani. Nsimire hakufurahi kuhusu sweta. Huwezi kumfurahisha kila mtu kwa besi.

Ni Jumapili hiyohiyo ya makopo nilipokutana na Mayi Esnath, Mama Esnath kwa lugha yetu. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliyeimba katika ukumbi ule tangu usichana wake. Alikula nsima yake, ule ugali wao, nyuma ya jukwaa bila haraka wakati bendi inamngoja, akanawa, akapanda, akaipokea mikro niliyompa na kuishikilia kiunoni kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Kisha akaimba. Wimbo ulimhusu mwanamume aliyerudi kutoka migodini na gramafoni mpya, akasahau kununua sindano zake, na mkewe akawa anaifuta vumbi kila asubuhi mwaka mzima.

Baada ya wimbo nilimwendea kwa heshima zote.

"Mayi, nakuomba, sogeza mikro karibu na mdomo."

"Wewe ndiye Mkongo wa Kachale?"

"Ndiye, Mayi."

"Jina lako?"

"Mushagalusa."

"Hilo ni refu kuliko wimbo wangu. Musha. Sikiliza, Musha. Mimi nilianza kuimba humu kabla ya mikro. Ikitaka sauti yangu, ije yenyewe."

Kachale alitazama kando, akijifanya anakunja waya. Nilitafakari wiki nzima. Kumlazimisha nisingeweza, na kuongeza sauti kungeleta mluzi. Jumapili iliyofuata nikapunguza bendi. Nikarudisha spika nyuma, nikateremsha banjo, nikateremsha tarumbeta mpaka mpiga tarumbeta akaninunia, na sauti ya Mayi Esnath ikabaki peke yake katikati ya ukumbi, na mikro yake ikiokota kidogo tu kutoka kiunoni. Watu waliacha kuzungumza. Alipomaliza alinitazama kule nyuma, akainua kidole kimoja. Bambo Kachale aliniambia kuwa yeye alisubiri kidole hicho miaka mingi kabla ya kukipata. Kazi yetu, ndugu zangu, mara nyingi ni kupunguza. Kuongeza kila mtu anaweza.

Miaka ile tuliitwa pia City Centre, kwenye mahoteli na nyumba za mabalozi, ambako jazz huwekwa karibu na vitafunio. Siku moja msimamizi wa hafla alinijia akitabasamu: je, tunaweza kushusha kidogo? Nikashusha. Akarudi: kidogo tena. Nikashusha. Akarudi mara ya tatu, na kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa kabisa, nilimweleza kwamba kinachosikika sasa ni wanadamu tu. Alifikiri, kisha akauliza kama wanadamu hao wangeweza kwenda kula. Wakaenda, na walikula vizuri sana.

Mvua nazo zilikuwa na kanuni yake. Paa la Chisangalalo likipigwa na mvua kubwa, hakuna spika inayoshinda. Mafundi wengine huongeza sauti, wakaharibu koni za spika na masikio. Kachale alikuwa akisimama, anapiga makofi mara moja juu ya kichwa, na bendi inanyamaza. Wote tulikaa kusikiliza bati. Ikipungua, mpiga babatoni ndiye aliyeanza, polepole, akiifuata mvua inavyoondoka. Nimefanya kazi na mashine za bei kubwa tangu hapo, lakini sijasikia tena mwanzo wa wimbo uliopangwa vizuri kama ule.

Bambo Kachale alifariki msimu wa baridi, nyumbani kwake Nsungwi, kwa kifua kilichokuwa kikimsumbua siku zote ndani ya lile koti. Mazikoni mtu alileta spika, ikakataa kuwaka, nami nilikuwa na vifaa mfukoni. Mayi Esnath akanishika mkono. "Mwache apumzike mbali na mashine leo," akasema, akaimba bila chochote, na makaburi yote yakasikia. Mke wa marehemu alinipa bisibisi yake ndogo yenye mpini uliofungwa utepe mwekundu. Nikarudi kazini nikiwa mimi sasa ndiye mzee wa miksa, na hakuna aliyeniuliza kama niko tayari.

Ukumbi haukufa siku moja. Vijana walianza kupenda ma-DJ, jambo ambalo siwalaumu, maana DJ haombi nsima nyuma ya jukwaa. Jumapili mchana tukawapangishia watu wa mikutano ya injili. Mwenye ukumbi akafariki, na wanawe, ambao kila mmoja alikuwa na maisha yake mahali pengine, wakaamua kuuza. Mnunuzi alitaka ghala la bati na saruji. Tukapewa nafasi ya onyesho moja la mwisho, na wanamuziki waliobaki wakaanza mazoezi kama vijana.

Wiki hizohizo ikatoka amri kwamba wakimbizi wote waliokuwa mijini warudi kambini. Ninyi wengine mlikuja katika malori yaleyale, kwa hiyo sitalieleza. Tulikuwa tunafunga magodoro Chinsapo, Nsimire ameketi juu ya cherehani yake ili asiinyanyue mtu mwingine, Mayi Esnath akatokea uchochoroni na kile kitambaa chake cha kijani.

"Jumapili nani atashika miksa?" aliuliza.

"Mayi, Jumapili mimi nitakuwa Dzaleka."

Alisimama pale akitazama vyombo vyetu vilivyotapakaa nje. Nilidhani atasema neno juu ya serikali au juu ya Mungu. Badala yake alijitwisha sufuria yetu kubwa, akaibeba mpaka lorini, akamkabidhi Nsimire mikononi, kisha akaniambia tu, "Pepani, Musha," maana yake pole, akaondoka bila kugeuka. Onyesho lilifanyika. Nilisikia kwamba mashine ilipiga mluzi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba yeye aliishusha mikro sakafuni akaimba bila hiyo. Sikuwepo. Jumapili ile nilikuwa napanga foleni ya maturubai, na nakiri kwamba nilikuwa nikisikiliza upande wa Lilongwe, kana kwamba mtu anaweza kusikia kutoka huku.

Dzaleka nilianza upya na kanisa, spika mbili zilizopasuka, na ninyi. Riziki, mtu wa Fizi asiyesema sana, alikuja akitoka kwenye cherehani ya mama yake, na nilipomwambia azunguke akipiga makofi alizunguka mara moja tu, akarudi, akasema, "Papa, kule karibu na dirisha iko kitu inarudisha sauti mubaya." Nikajua nina mtu. Amuri alikuja kupiga ngoma kwa nguvu zote alizonazo, na bado anazo. Wakaja na wa gitaa na wa besi, tukawa na bendi.

Sasa jambo ambalo ninyi mlilijua kabla yangu. Siku moja kwenye mazoezi ya kwaya Riziki alinigusa bega.

"Papa, mikro ya korali inalia."

"Hailii."

"Inalia, Papa. Juu kabisa."

Nikawatazama wengine. Wote walikuwa wamekunja nyuso kwa maumivu, mimi peke yangu nimetulia. Miaka ya kukaa kati ya spika na ukuta ilikuwa imechukua sauti za juu, moja baada ya nyingine, bila kuniaga. Niliendelea kukaa kwenye kiti na kumtazama Riziki usoni ili nijue mluzi uko wapi.

Mambo yalikuwa hivyo alipofika Mayi Esnath. Alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, vumbi jekundu mpaka magotini, ameshikilia kiti cha baiskeli kwa hasira, na nyuma yake kabaza nyingine imembeba mjukuu wake Tionge, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Nilimkimbilia, nikamsalimu. Alitabasamu, akanijibu habari ya safari, wakati mimi nilikuwa nimemuuliza habari za nyumbani.

"Hasikii, Bambo," Tionge akasema. "Karibu kabisa hasikii. Lazima umpigie kelele sikio la kulia."

Tulikaa mbele ya nyumba, Nsimire akaleta chai. Mayi Esnath akaeleza shida yake kwa sauti ya mtu asiyejua anapaza sauti, na majirani wote wakapata habari. Nyimbo za Chisangalalo hazikurekodiwa popote. Kuna waliokuja zamani na mashine, lakini kanda zikafutwa na kurekodiwa mambo mengine. Mpiga babatoni amekufa. Wa banjo yuko Afrika Kusini. Wa tarumbeta anauza nyanya na kinywa chake hakina meno ya mbele. Nyimbo ziko kichwani mwake tu, na kichwa kimezeeka.

"Bendi sina," akasema. "Wewe unayo. Nimesikia Wakongo wako wanapiga vizuri. Nirekodi, Musha."

Mnakumbuka siku ya kwanza. Mlikuwa mnajua Kichewa cha kununulia nyanya, na nyimbo zenyewe ndizo zilikuwa na Kichewa cha bibi. Mlishika muziki haraka, nawasifu kwa hilo. Lakini nilipomvalisha vidude vya masikioni aliving'oa. "Nyuki," akasema. Aliimba bila hivyo, na sauti ilikuwapo, imekwaruzwa na umri lakini nzima, ila ilikuwa mstari mmoja mbele yenu. Mlipomngoja yeye alimaliza. Mlipokimbia kumfikia alisimama. Amuri akaweka vijiti chini.

"Papa, pardon," aliniambia, "lakini huyu mama hasikiye. Ataimba na sisi namna gani?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mayi Esnath, ambaye hakusikia neno, aliona vijiti vikiwekwa chini. Alitoka nje akakaa kwenye benchi la kando ya kanisa. Tionge akaanza kukusanya mikoba. "Nilimwambia," akawa anasema. "Nilimwambia tusije kujiaibisha kwa watu."

Nilikwenda kukaa naye. Vizee viwili benchini, mmoja hasikii kabisa, mwingine hasikii sauti za juu na hajamwambia mtu. Nikamsogelea sikio la kulia, nikamuuliza anasikia nini anapoimba.

"Mimi mwenyewe najisikia," akasema. "Ndani. Niko vilevile. Ila sijui ninyi mko wapi."

Ndivyo alivyosema: sijui ninyi mko wapi. Nilikuwa nimeshughulika na masikio yake mchana kutwa, na shida yake haikuwa kusikia uzuri wa muziki. Alitaka tu kujua tulipo. Nikarudi ndani nikawauliza nani anajua mlango gani wa kanisa unatoka kwa urahisi.

Mlango wa chumba cha watoto wa Jumapili ulikuwa wa mbao nyembamba, wenye bawaba mbili zilizolegea. Mchungaji alinikuta nimeshaing'oa ya juu.

"Papa Musha, mlango wa nyumba ya Mungu unaenda wapi?"

"Hapo mbele tu, Pasta. Utarudi."

Tulilaza spika kubwa ya besi chali sakafuni, tukaweka matofali pembeni kwa ajili ya uzito, na mlango juu yake, ukigusa ukingo wa spika. Nikamwomba Mayi Esnath avue viatu. Alinitazama mimi, akautazama mlango, akamtazama mchungaji. Kisha akavua, Tionge akamshika mkono, akapanda. Nikamwashiria mpiga besi.

Noti ya kwanza ilipopiga, mbao zilitetemeka. Mayi Esnath alishtuka kama mtu aliyeguswa bega gizani. Ikapiga ya pili, ya tatu. Nyayo zake zikajipanga. Akafumba macho.

"Aa," akasema. "Mpo."

Na akaingia kwenye wimbo pale hasa palipotakiwa kuingiwa. Tionge alikaa chini sakafuni, mikoba yote mapajani, akajifunika uso kwa kanga yake.

Tulirekodi siku ile na kesho yake. Wimbo wa gramafoni ulipoisha, sisi wote tukapiga makofi, na yeye akafungua macho, akamnyooshea kidole Amuri.

"Huyu wa ngoma ana haraka ya kwenda wapi?"

Amuri akajitetea kwa lugha tatu. Riziki akarudisha wimbo nyuma, tukasikiliza, na ni kweli, kuanzia ubeti wa tatu ngoma ilikuwa inakimbia na kumvuta mpiga besi. Ni mimi niliyekuwa kwenye miksa, na sikuwa nimeliona, kwa sababu upatu wa Amuri, ambao ungenionyesha mwendo wake, haumo tena katika masikio yangu.

"Turudie," akasema Mayi Esnath.

Nikasimama kutoka kwenye kiti. "Riziki, keti wewe."

"Papa?"

"Mimi siusikii upatu. Wewe unausikia. Keti."

Akaketi, akasogeza kiti mbele, kwa kuwa miguu yake ni mifupi kuliko yangu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kama mnataka kujua. Hakukuwa na hotuba wala keki. Nikabaki katikati ya kanisa nikiwa sina kazi mikononi, jambo ambalo halijawahi kunitokea muziki ukiwa karibu kupigwa. Mayi Esnath akaniona nilivyosimama. Akasogea kidogo upande, akapiga mlango kwa unyayo wake, mara mbili, akiniita.

Nikavua viatu. Nikapanda. Amuri akahesabu, polepole safari hii, na besi ikaniingia kwenye nyayo, ikapanda mpaka magotini na kifuani, nene, ya duara, na sauti ya yule mama kando yangu juu yake. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kusimama upande ule wa spika.

Nyimbo zile sasa zinapigwa kwenye redio ya kambi. Tionge anasema kule Lilongwe zinapita kwenye simu, na kwamba kuna kijana mwenye saksofoni anayejifunza ule wa gramafoni na huja nyumbani kumpigia bibi, naye humwekea kiganja kwenye shingo ya chombo na kumkatiza anapokosea. Mlango tuliurudisha mahali pake. Siku hizi haufungi vizuri, na mchungaji hunikumbusha kila anaponiona.

Ukisikiliza rekodi ya wimbo wa gramafoni kwa makini, katikati ya ubeti wa pili, kuna mlio mfupi wa mbao. Ni pale nilipohamisha uzito wangu kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Riziki aliniuliza kama aufute. Mashine yake mpya inaweza, na nilimfundisha mimi mwenyewe kwamba kelele hufutwa. Nimemwomba auache.